Korosho iliyobanguliwa haioti: akili mnemba ipi tuiite huria?

#1 mtoto_wa_Chuno (mleta mada)

Wakuu, Mtwara kuchele.

Uzi ni mrefu, mwenye bando la kuhesabu asome usiku.

Tuko watatu, wawili hapa Mtwara mjini na mmoja Newala. Tangu mwaka juzi tunahangaika na modeli ndogo ya kwenye simu: unapiga picha jani la mkorosho, inakuambia ugonjwa au mdudu: hii ni blaiti, huu ni ubwiriunga, hapa amepita mbu wa mikorosho. Bado inachanganya mbu na blaiti, hasa kwenye machipukizi, kwa hiyo msije inbox kuniomba sasa hivi. Upande wa picha haukututesa sana. Kasheshe ilianza tulipotaka mkulima aulize kwa sauti, kwa Kiswahili chake cha huku, na ajibiwe. Hapo ikabidi tuchukue modeli ya lugha ya watu wengine tuinoe kwa maarifa ya kwetu.

Tukashusha moja (jina naliacha) iliyopambwa neno "huria" kila kona. Tumeifanyia kazi miezi minne. Siku moja mwenzetu wa Newala, ambaye ndiye pekee kati yetu mwenye subira ya kusoma leseni, akapiga simu usiku: matumizi ya kibiashara hayaruhusiwi bila kibali. Na waliotaka kuanza kututumia ni chama cha msingi cha wakulima, kinauza korosho, kinakata, kinalipa. Hiyo ni biashara. Miezi minne ikaenda na maji.

Ndipo nikakaa kusoma. Nawaletea nilichokielewa, anayejua zaidi anisahihishe.

Kwa programu za kawaida, kipimo cha nini kiitwe chanzo huria kinashikwa na shirika la Open Source Initiative (OSI) tangu 1998. Msimbo, yaani maandishi ya programu, unao mkononi, leseni inakuruhusu, umemaliza. Akili mnemba imewavuruga kwa sababu msimbo wake ni sehemu ndogo tu ya kitu chenyewe. Kuna uzito, yaani yale mamilioni au mabilioni ya namba zinazobaki baada ya modeli kufundishwa. Na kuna data iliyofundishiwa. Tarehe 28 Oktoba 2024 hao OSI wakatoa tafsiri yao ya kwanza rasmi ya akili mnemba huria, toleo 1.0. Wanasema uwe huru kuitumia kwa kazi yoyote bila kuomba ruhusa ya mtu, kuichunguza, kuibadilisha na kumgawia mwingine. Ili hayo yawezekane, mwenye modeli atoe msimbo wa kufundishia na kuendeshea, atoe uzito, na atoe maelezo ya data. Someni hapo vizuri. Maelezo ya data, ya kutosha fundi mwenye ujuzi aunde kitu kinacholingana nayo kwa karibu. Data yenyewe hawakuilazimisha.

Hata kwa kipimo hicho cha huruma, wakubwa wengi walianguka. Waliojaribiwa wakapita ni Pythia, OLMo, Amber, CrystalCoder na T5. Llama 2, Grok, Phi-2 na Mixtral hazikupita. Llama 2 ilitoka Julai 2023 ikitangazwa kila mahali kuwa ni huria, kumbe leseni yake inasema ukiwa na watumiaji zaidi ya milioni 700 kwa mwezi ukaombe kibali kwa Meta, wenye modeli. Najua, hapa Chuno hatutafika milioni 700. Lakini anayekuwekea mpaka leo kwenye milioni 700 ndiye mwenye kalamu, kesho anausogeza.

Sasa mimi naliona hivi. Korosho ghafi ukiipata unaweza kuibangua, unaweza kuiuza, na unaweza kuipanda ukapata mkorosho wako. Iliyobanguliwa ikakaangwa unaila. Ni tamu, hata ukipewa bure ni tamu, lakini ifukie ardhini uone kama itaota. Uzito bila data ni korosho iliyobanguliwa. Na sisi watu wa kusini tunajua maana ya kuuza ghafi halafu kukutana na korosho zetu kwenye pakiti dukani.

Swali: anayetoa uzito tu tumwite mtoaji huria? Na OSI walivyolegeza kwenye data, walituuza au walikuwa na sababu?

#2 kambale_mkavu

Nimeweka kambi. Wajuzi waje.

#3 fundi_Masasi

Mjomba umeandika vizuri lakini mfano wako unapwaya.

Korosho iliyokaangwa huwezi kuigeuza mbegu, sawa. Uzito unaweza kuunoa. Wewe mwenyewe umesema mlikuwa mnaunoa! Jacaranda Health kule Kenya walichukua Llama 2, wakaiongezea Kiswahili wakapata UlizaLlama, kwa ajili ya kujibu maswali ya akina mama wajawazito. Hawakuwa na data ya Meta hata kidogo. Wangesubiri data ndiyo waanze, hao akina mama wangekuwa wanasubiri mpaka leo.

Halafu kumbuka Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika, EASSy na Seacom kwa pamoja. Nchi nzima intaneti inakohoa. Mimi nilikuwa na modeli ya Mistral 7B kwenye laptopu, leseni ya Apache isiyobana, nikiuliza ananijibu bila mtandao wa mtu. Kiswahili chake kilikuwa cha mgeni aliyeshuka jana bandarini, ila alijibu. Data yake ya mafunzo hakuna aliyeiona. Na modeli ya DeepSeek R1 ya Januari 2025, leseni ya MIT kabisa, nayo haibani, uzito bure, data hakuna. Kwa mtu wa Masasi kile ni kitu kikubwa.

Halafu tuseme ukweli. Ukipewa data yote ya OLMo, ile Dolma ya mwanzo, tokeni (vipande vya maneno) trilioni 3, utaiweka wapi? Utaifundisha kwa umeme gani? Mbegu bila shamba.

#4 mtoto_wa_Chuno

Fundi, kunoa nakubali. Kunoa ni kutia chumvi na pilipili. Ladha inabadilika, korosho ni ileile. Sisi tulipoinoa ile modeli yetu ilikuwa inang'ang'ania kumwambia mkulima apulizie dawa ambazo sijawahi kuziona kwenye duka lolote la pembejeo huku. Imezitoa wapi? Kwenye data gani? Hakuna wa kumuuliza. Ingekuwa na data wazi ningetafuta jina la ile dawa nione ilikotoka, nusu saa nimemaliza. Hiyo hoja ya trilioni 3 umenipiga, lakini kutafuta neno ndani ya data siyo lazima uwe na mashine za kufundishia.

#5 binti_Nachingwea

Habari za jioni kaka zangu. Mimi nafanya kazi upande wa takwimu za afya, nitaongea nilikozoea.

DHIS2 tunayojazia taarifa za vituo ni programu huria, imezaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeifanyia kazi nyingi. Msimbo wake yeyote anaweza kuuchukua hata leo usiku. Taarifa zilizomo ndani hauwezi kuzichukua, na ole wako ujaribu. Hakuna aliyewahi kusema DHIS2 siyo huria kwa sababu hatukutoa majina ya wagonjwa.

Na akili mnemba ndivyo. Modeli ikifundishwa kwa picha za eksirei, au kwa mazungumzo ya mgonjwa na nesi, unataka data itoke? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kazi Mei 2023. OSI wangelazimisha data yote itoke, modeli za afya zisingeweza kuitwa huria milele, na zingebaki kwa makampuni yenye kuta. Naona hapo ndipo waliposimama. Waliopinga nao wana hoja, Bruce Perens aliyeandika tafsiri ile ya mwanzo kabisa ya chanzo huria ni mmoja wao, na Software Freedom Conservancy, shirika la kutetea programu huria, pia hawakufurahi. Kinachoniuma mimi ni kwamba mlango uliofunguliwa kwa ajili ya hospitali, anapita nao kila mtu, hadi aliyezoa vitabu vya watu bila ruhusa anasema "data yangu ni nyeti".

Ila kaka mleta mada, nikuulize kwa upole. Hizo sauti za wakulima mlizonoa nazo modeli, mmeziweka wazi?

#6 kambale_mkavu

Hahaha dada kamaliza mchezo.

#7 mtoto_wa_Chuno

Dada umenikamata.

Hatujaziweka. Tulirekodi kwa msaada wa shirika moja, wao wakaleta karatasi za ridhaa, wakulima wakatia dole gumba. Mradi ukaisha, shirika likabeba nakala yake likaondoka, sisi tukabaki na yetu. Juzi nimekaa kuzisikiliza upya nikitaka kuzipandisha. Kwenye moja, mzee anaulizwa kuhusu ukungu kwenye maua ya mkorosho, anajibu vizuri kabisa, halafu anapitiliza: mwaka ule maua yalipokauka aliishiwa, akauza kwa kangomba kabla ya msimu. Anamtaja mnunuzi, kijiji na bei.

Kwa wageni wa uzi: kangomba ni mtu anayenunua korosho chinichini kwa bei ya kutupa kabla ya mnada, kwa vipimo vyake, na ni kosa kisheria. Sauti ya mzee inatambulika na yeyote wa kijijini pale.

Karatasi ile ya ridhaa nimeisoma tena. Inasema "kwa ajili ya utafiti". Haisemi kuwa mtu yeyote duniani ataweza kuishusha. Kwa hiyo huyu anayewadai wakubwa data yao, ya kwake ameikalia. Sijui nijiite nani.

#8 binti_Nachingwea

Jiite mtu aliyesoma karatasi baada ya kutiwa dole. Common Voice ya Mozilla, ule mkusanyo wao wa sauti za kusoma, wanafanya kinyume: mtu anakubali mwanzo kabisa kwamba sauti yake itatoka bila masharti, na anasoma sentensi aliyowekewa, hasimulii maisha yake. Kiswahili kimo. Lakini sentensi za kusoma hazikupi lafudhi ya mtu anayelalamikia shamba lake, hilo nalo najua.

Warudieni wenyewe muwaulize.

#9 mzee_wa_terminali

Vijana shikamoo zenu nimezipokea bila kupewa.

Mnabishana kuhusu jina la mti. Niulize mimi nani anapalilia.

Nina maktaba ndogo ya msimbo ya kuchambua maneno ya Kiswahili, inakata viambishi: "hawajatupikia" inakupa ha-wa-ja-tu-pik-i-a. Niliiandika nikiwa Lindi, kwa raha zangu, nikaiweka GitHub, mtandaoni, kila mtu aichukue. Kwa miaka hakuna aliyenisemesha. Hawa wa akili mnemba walipoanza kutafuta Kiswahili, barua zikaanza. Rekebisha hiki. Mbona inakosea "waliokwishafika". Tunahitaji kabla ya Ijumaa. Nilipomwambia mmoja kuwa Ijumaa naenda msibani, akajibu kwamba mradi usiotunzwa nisiuweke hadharani. Sikuwahi kupokea senti kwao, hata asante niihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mwaka huu nimeandika juu kabisa kwa Kiswahili: MTUNZAJI AMELALA. Sijaigusa tena.

Sasa sikilizeni kulala kwa mtunzaji kunaleta nini. xz ni programu ya kubana mafaili, imo karibu kwenye kila mashine ya Linux. Aliyeitunza ni Lasse Collin wa Ufini, karibu peke yake, bila malipo. Mwaka 2022 watu wakaanza kumwandama kwenye barua pepe: mbona unachelewa, kama umechoka achia wengine. Akawaeleza kwamba hali yake siyo nzuri, na kwamba ile ni kazi ya kujitolea. Pembeni yupo kijana mpole anajiita Jia Tan, anasaidia, haombi kitu, hakosi. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Alikabidhiwa funguo. Mwanzoni mwa 2024 akapenyeza mlango wa siri ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1, mlango wa kuingilia seva za watu. Uligunduliwa Machi mwaka huohuo kwa sababu Andres Freund, fundi wa programu ya hifadhidata ya PostgreSQL, aliona kuingia kwenye mashine kwa ssh kunachelewa nusu sekunde, akakataa kulipuuza. Nusu sekunde. Mpaka leo hatujui Jia Tan ni nani.

Mimi kilichonishtua siyo ujanja wa mwizi. Ni kwamba ghala lilikuwa na mlinzi mmoja mgonjwa, na walioweka mali humo ni makampuni tajiri kuliko nchi.

Na OpenSSL, ile inayofunga kufuli kwenye kurasa za benki, kasoro ya usalama iliyoitwa Heartbleed ilipoibuka 2014 ikajulikana kuwa michango waliyokuwa wakipata ni kama dola 2,000 kwa mwaka. Fedha ya kununua pikipiki.

Juu ya hayo, akili mnemba imewaongezea mzigo. Daniel Stenberg, mtunzaji wa curl, programu ya kusafirisha data mtandaoni, amelalamika wee: watu wanaiambia modeli itafute kasoro za usalama, inatunga kasoro zisizokuwepo kwa Kiingereza kizuri, wanamtumia. Kila moja lazima aisome, maana ikitokea moja ni ya kweli ataulizwa yeye.

Kwa hiyo andikeni tafsiri nzuri hadi karatasi ijae. Anayepalilia akiondoka mtabaki na neno "huria" kwenye bango.

#10 karani_wa_mizani

Shikamoo mzee. Pole sana kwa hiyo ya msibani.

Mimi ni wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, ya kompyuta nayasikilizia. Ila hili la mlinzi kutolipwa kwetu tulishalimaliza: makato. Kilo ikiuzwa mnadani, kabla ya mkulima kuona hela yake, chama cha msingi kina chake, chama kikuu kina chake, ghala lina chake. Watu wananung'unika, mengine nanung'unika nao, lakini ghala linafagiwa. Hao wanaotumia hiyo xz, kwa nini wasikatwe?

#11 mzee_wa_terminali

Swali zuri karani. Tatizo ni mnada. Korosho lazima zipite ghalani ndipo zikatwe. Programu huria haipiti mahali popote, mtu anashusha usiku anaondoka, na ukimwekea geti haiwi huria tena. Wapo waliochoka wakaweka geti. Kampuni ya HashiCorp walibadili leseni ya programu yao Terraform Agosti 2023, na wenye programu ya Redis Machi 2024. Wote wawili, watumiaji walichukua toleo la mwisho lililokuwa huru wakaanzisha lao, OpenTofu na Valkey. Geti likabaki na mlinzi, ng'ombe wamepita pembeni.

Ujerumani wamejaribu kingine: 2022 serikali ilianzisha Sovereign Tech Fund, kodi ya wananchi inalipa watunzaji wa programu zinazobeba nyingine. Hilo ndilo linalofanana na makato yako, ila linakatwa kwa mlipakodi. Aliyeshusha yeye anaendelea kula bure.

#12 fundi_Masasi

Mzee, mimi nitakuwa mkweli. Ile maktaba yako ya viambishi nimeitumia. Kwa wateja. Sikujua una jina hili huku. Naomba radhi na naomba namba.

#13 mzee_wa_terminali

Namba sitoi hadharani. Nenda kwenye zile hitilafu zilizoorodheshwa, chukua ya "waliokwishafika", irekebishe. Hiyo kwangu ni zaidi ya hela.

Na hela pia sikatai.

#14 kuli_wa_bandari

Nina swali la mtu asiyesoma. Mnasema huria ni "kwa kazi yoyote bila kuomba ruhusa". Modeli ya huyu dogo ya majani, kangomba akiishusha, akaenda nayo kijijini, akamwonyesha mkulima simu: unaona, mashine inasema shamba lako lina blaiti, mwaka huu hupati kitu, niuzie mapema. Mnaruhusu?

#15 binti_Nachingwea

Kaka hilo swali limeshaumiza vichwa vikubwa. Modeli ya BLOOM ya 2022, vigezo (zile namba za uzito) bilioni 176, lugha 46 na Kiswahili kimo japo kwa kiasi kidogo mno, waliitengeneza watafiti mamia kwa uwazi mkubwa. Lakini leseni yao ina orodha ya matumizi yaliyokatazwa, wakitaka kuzuia madhara. Kwa kipimo cha OSI orodha hiyo inaiondoa kwenye huria. Sijawahi kuridhika na jibu hilo moyoni, ila nauliza: kangomba anayevunja sheria ya nchi ataogopa sharti la leseni? Anayesoma masharti yote mpaka chini ni yule mtu wa Newala.

#16 kuli_wa_bandari

Hapo umenijibu.

#17 mwalimu_wa_Mikindani

Samahani kutoka nje ya mada. Ni akili mnemba, akili unde au akili bandia? Wanafunzi wananisumbua. Na hilo la "uzito", mbona nimezoea uzito wa gunia?

#18 kambale_mkavu

Mwalimu, ni akili ya kuazima. Tuendelee.

#19 mtoto_wa_Chuno

Wakuu nimerudi. Nilipotea kwa sababu nilipanda Newala kufanya alichosema dada.

Tumewafikia wakulima kumi na wanne kati ya tuliowarekodi. Tumeacha karatasi pembeni, tumewasikilizisha sauti zao kwenye spika ya simu, tukawaeleza kuwa ikitoka mtu wa Brazil au wa Vietnam anaweza kuichukua, akaitengenezea kitu, akauza, na hatuwezi kumrudisha. Wengi walisema chukueni, mmoja akataka kujua kama Vietnam watajua kuwa ni yeye aliyewafundisha. Wanne wamekubali picha tu.

Yule mzee wa kangomba nilimwachia wa mwisho. Akasikiliza hadi pale anapomtaja mnunuzi, akanyamaza, akaomba nirudie. Halafu akasema: "Majani piga hata leo, twende shambani. Hiyo sauti ifute, na nikuone ukiifuta." Nikaifuta mbele yake. Ile nakala iliyokwenda na shirika sikuwa na ujasiri wa kumtajia, nikamtajia tukiwa tumeshafika shambani. Hakusema kitu, akaendelea kunionyesha mti ulioliwa na mbu. Nimeshawaandikia wale watu, sijajibiwa.

Kwa hiyo picha zote zinatoka, pamoja na msimbo, pamoja na uzito. Sauti zinatoka za waliokubali. Za wengine tunaweka maelezo: zilikuwa za nani kwa umri na wilaya, ziliulizwa nini, na kwa nini hazipo. Yaani nimeishia palepale walipoishia OSI, na bado nasema wale waliozoa vitabu vya watu hawakupanda Newala kumuuliza mtu.

Modeli ya lugha tunaanza upya juu ya OLMo. Kiswahili chake kitatutoa jasho.

Kitu cha mwisho: karani amenipigia, chama chao kitaingiza kipengele cha matunzo kwenye makubaliano yetu, kidogo kila msimu, na sehemu yake nimeomba iende kwa mzee_wa_terminali. Mzee usikatae.

Fundi, uliwahi kusema una diski kubwa. Picha ni nyingi, nikizipandisha kwa bando la huku nitauza simu. Bado ipo?

#20 mzee_wa_terminali

Sikatai. Nimeona pia fundi kaleta marekebisho ya "waliokwishafika". Yana kosa moja, nimemrudishia.

#21 fundi_Masasi

Nimeliona, nalifanyia kazi leo.

Diski ipo. Panda gari la alfajiri, mchana huku umeme hauna msimamo.